Faiba kitandani kwa mgonjwa: majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba faiba, zile nyuzi za kioo zinazotuletea intaneti, zinaweza pia kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha, maana nyingi zimeandikwa na watu waliokaa kando ya kitanda na kuangalia kwa makini kinachofanyika. Nimechagua chache na kuzifupisha. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mama Fundi. Mume wangu alipelekwa Dar es Salaam kupigwa MRI ya kichwa, akapewa dawa ya usingizi kwa kuwa hawezi kutulia. Kabla ya kumwingiza walimvua kile kibanio cha kidoleni alichotoka nacho wodini, wakamfunga kingine chenye mkia mrefu. Mtaalamu akaniambia hiki hakina waya, kina mwanga tu. Je, walikuwa wanampima kweli au walitaka tu nitulie? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Walikuwa wanampima kweli, na aliyebadilisha kibanio kile alikuwa anamlinda mumeo asiungue.

MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Nyingi zina sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), yaani kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Zipo na za tesla 3. Habari ya funguo na mitungi ya oksijeni kuvutwa na mashine watu wengi wameisikia. Hatari isiyosemwa sana ni ya waya. Mashine ikipiga picha hurusha mawimbi ya redio mwilini, na waya wa shaba uliolala juu ya ngozi huyapokea. Waya ukijikunja ukafanya duara, hupata moto pale unapogusa ngozi. Mgonjwa aliye macho atapiga kelele. Aliyelazwa kwa dawa hasemi kitu, na lengelenge linakuja kuonekana wakati wa kumrudisha wodini.

Kibanio cha kawaida kina taa mbili ndogo na kipokea mwanga, vyote vikiwa kwenye ncha ya waya wa shaba. Kile cha mumeo taa zake zilikaa mbali na kidole, ndani ya kisanduku kilichokingwa. Mwanga ulisafiri ndani ya faiba mpaka kidoleni, ukapenya nyama, ukarudi kwa faiba nyingine. Kwa hiyo kidoleni hapakuwa na chuma wala umeme. Kioo hakivutwi na sumaku, na mawimbi ya redio hayakipashi moto.

Kinachosomwa ni rangi ya damu. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeivumbua njia hii, mwaka 1974. Mwanga mwekundu na ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, hupita kidoleni kwa viwango tofauti kulingana na oksijeni iliyomo kwenye damu. Aoyagi alitambua kwamba akifuata ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, atakuwa anasoma damu ya ateri peke yake, bila kuchanganywa na ngozi, mfupa wala kucha. Ndiyo maana kibanio kimoja kinatoa oksijeni na mapigo kwa pamoja.

Hapa kuna jambo ambalo kila familia yetu inapaswa kulijua. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha vibanio hivi na vipimo vya damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya vipimo vya wazungu. Faiba haiondoi tatizo hilo, kwa sababu mwanga bado unapita kwenye ngozi ileile. Mgonjwa wako akihema kwa shida huku namba inasema 94, mwamini mgonjwa, kisha umwite daktari.

Mama Fundi, tumejaliwa mtoto njiti wa kilo 1.3, tuko naye hospitali. Vibandiko vya kifuani vikibanduliwa vinaondoka na ngozi yake. Nimesoma kwamba kuna mkeka wa faiba unaowekwa chini ya godoro, unasikia pumzi na moyo bila kumgusa mtoto. Unafanyaje kazi, na kwa nini sisi hatuna? (Baba, Dodoma)

Hongera baba, na pole kwa kukesha. Nianze na ngozi, maana hilo ni la leo. Mwombe muuguzi aloweshe kibandiko kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha akibandue taratibu kwa kukikunja kirudi nyuma sambamba na ngozi, asikivute juu. Kwa njiti tabaka la juu la ngozi halijashikamana vizuri na la chini. Linang'oka na gundi, na vijidudu hupitia hapohapo.

Sasa mkeka. Kila moyo unaposukuma damu kwenye mshipa mkuu, mwili mzima husukumwa kidogo upande wa pili, kama mtumbwi unavyorudi nyuma mtu anaporuka kushuka ufukweni. Mwaka 1877 J. W. Gordon aliona kwamba mtu akisimama kimya juu ya mizani nyepesi, sindano hucheza kwa kufuata mapigo ya moyo. Miaka ya 1930 daktari Isaac Starr wa Philadelphia akatengeneza kitanda maalumu cha kunasa mtikisiko huo na kuuchora. Baadaye kipimo cha umeme wa moyo kilienea kila mahali, na vitanda vile vikasahaulika. Faiba ndiyo imelifufua wazo hilo.

Ndani ya mkeka kuna faiba iliyozungushwa na kubanwa katikati ya matabaka mawili ya wavu. Mwanzo wake una taa ndogo, mwisho wake una kipokea mwanga. Faiba iliyonyooka huuzuia mwanga usitoke. Wavu ukiibonyeza, faiba hujipinda sehemu nyingi kidogo kidogo, na mwanga kiasi huvujia ubavuni. Mtoto akivuta pumzi, uzito wake huhama, wavu hubana, mwanga unaofika mwisho hupungua. Akishusha pumzi, mwanga hurudi. Ukichora mwanga huo kwenye skrini unaona wimbi pana linalopanda na kushuka, ambalo ni pumzi, na juu ya mgongo wake vijimtikisiko vya harakaharaka, ambavyo ni moyo. Programu huvitenganisha kwa kasi: mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na moyo wake hupiga kama mara 110 hadi 160.

Mara ya kwanza kuona mchoro wa namna hiyo ukitoka kwa mtu aliyelala tu, hajafungwa kitu chochote, nilishindwa kuondoka mbele ya skrini. Mpaka leo naona ni miongoni mwa vipimo vyenye huruma kuliko vyote tulivyo navyo.

Lakini wewe unaulizia mtoto wa kilo 1.3, kwa hiyo nitakueleza mipaka yake bila kuficha. Kwa watu wazima waliolala kimya mikeka hii imejaribiwa sana, kule Singapore na kwingineko, na inafanya vizuri. Kwa njiti kazi bado iko zaidi mikononi mwa watafiti. Moyo mdogo hivyo hulitikisa godoro kwa nguvu ndogo mno, na mlango wa inkubeta ukifungwa kwa kishindo, mkeka husikia mlango.

Jambo zito zaidi ni namna njiti wanavyoacha kupumua. Pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, mkeka huona kifua kimetulia na kupiga kengele, hapo sawa. Ila kuna wakati shingo ya mtoto imekunjika, njia ya hewa imeziba, na kifua kinaendelea kuhangaika ingawa hewa haiingii. Mkeka utaona mwendo na kukaa kimya. Oksimita, yaani kile kibanio cha mwanga kinachosoma oksijeni, ikiwa imefungwa mguuni ndiyo itakayoona oksijeni ikishuka. Kwa hiyo mkeka ungeweza kumwondolea mtoto vibandiko vya kifuani, lakini ile oksimita ya mguuni ingebaki palepale.

Na mkiwa mmembeba kwa njia ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani, mkeka chini ya mama husikia watu wawili. Mama anapumua mara 12 hadi 20, kifua chake ni kizito, na kila akijigeuza anamfunika mtoto kabisa kwenye mchoro. Hapo faiba inatakiwa iwe kwenye mkanda mwembamba unaomzunguka mtoto mwenyewe, na wapo wahandisi wanaoifuma ndani ya vitambaa laini kwa kazi hiyo. Tafadhali msiipunguze kangaruu kwa ajili ya kifaa chochote. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu inkubeta hazikutosha, na imeokoa njiti wengi duniani kote.

Umeuliza kwa nini hatuna. Mimi ni fundi wa karakana, nitakujibu kwa jicho la fundi. Leo nikipewa fedha za wodi ya njiti, nitanunua oksimita nzuri zenye vibanio vya ukubwa wa watoto wachanga, na vibanio vya akiba juu yake. Kebo ya kibanio hukatika palepale karibu na plagi, kwa kuvutwa na kukunjwa kila siku, kisha monita nzima ya mamilioni inawekwa kando kwa kukosa kipande kile. Mikeka ya faiba nitaipigania siku majaribio kwa watoto wadogo kama wako yatakapokuwa yameonyesha inaaminika.

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi faiba hapa Mombasa, naunganisha laini za majumbani. Faiba za hospitali ni zilezile zetu? Hii laini iliyoingia kwangu inaweza kusikia moyo wangu? Na mtu wa kazi yangu anaweza kuingia huko? (Fundi, Mombasa)

Marahaba. Kioo ni cha ukoo mmoja, ingawa si kila faiba ya hospitali ina vipimo vya kwenu: unene wa maikromita 125, na kiini cha katikati kama maikromita 9. Ni uzao wa hoja aliyoitoa Charles Kao mwaka 1966 akiwa Uingereza, kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mwanga masafa marefu. Alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Wewe tayari unajua nusu ya somo. Ukiikunja faiba kidoleni, mita yako ya mwanga inashuka, na mteja analalamika. Ule upotevu unaoukimbia wewe ndio tunaoutafuta sisi.

Nusu nyingine ni alama za Bragg. Mwaka 1978, huko Ottawa, Ken Hill na wenzake waligundua kwamba mwanga mkali wa leza unaweza kuacha alama za kudumu ndani ya kiini cha faiba. Alama zikipangwa kwa nafasi sawa, zinarudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Ivute faiba kidogo, nafasi zinatanuka, na rangi inayorudi inahama. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, kila pumzi itahamisha rangi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka alama nyingi kwenye uzi mmoja, kila moja na rangi yake: moja kifuani, moja tumboni, moja kwapani ya kupima joto.

Ugumu uko kwenye udogo wa mabadiliko. Kwenye mwanga wa nanomita 1550, joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi rangi inahama kama pikomita 10, yaani sehemu moja ya mia ya nanomita. Na kwa kuwa joto na mvutano vyote vinahamisha rangi, mgonjwa akipata homa kifaa kinaweza kudhani kifua kimetanuka. Dawa yake ni kuweka alama ya pili iliyolegea, isiyovutwa na kitu, isome joto peke yake, kisha unatoa moja kwenye nyingine. Mashine ya kusoma pikomita ndiyo yenye bei. Uzi wenyewe ni rahisi.

Laini ya nyumbani kwako haisikii moyo wako. Zipo mashine zinazofungwa mwishoni mwa kebo ndefu iliyozikwa na kuifanya ihisi mitetemo ya treni au tetemeko la ardhi, lakini kisanduku kilicho ukutani kwako hakijatengenezwa kwa kazi hiyo, na mtikisiko wa moyo huishia kwenye kitanda chako.

Kuhusu kuingia, ndiyo, ingia. Mtu anayejua kukata faiba ikatoka bapa, kusafisha kiunganishi kabla ya kukichomeka na kusoma OTDR, kile kifaa kinachoonyesha faiba imeharibika wapi, ana mikono tunayoihitaji. Ongeza stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba. Na desturi mbili za kazini kwako zihamie wodini zikiwa kali zaidi: kipande kilichokatika hakidondoki sakafuni, kwa sababu kinaingia kwenye ngozi na hakionekani, na hakuna anayechungulia ncha ya faiba iliyowashwa, maana infraredi haionekani na jicho halijui kujikinga nayo. Ndani ya mkeka mwanga ni hafifu na umefungiwa, mgonjwa hana cha kuhofia.

Shikamoo dada yangu. Niko Muscat, baba yetu yuko Unguja na ana moyo kushindwa kufanya kazi. Nimeona mkeka wa kuweka chini ya godoro, ninaweza kusoma pumzi zake kwenye simu nikiwa huku. Ninunue? (Msomaji, Muscat)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza jiulize hivi: kengele ikilia kwenye simu yako saa nane za usiku, nani yuko chumba cha pili na baba? Kama yupo mtu, na ana namba ya daktari na usafiri wa kumfikisha hospitali, mkeka unaweza kusaidia, kwa sababu pumzi za usiku zikianza kuongezeka siku hadi siku kwa mgonjwa wa moyo huenda maji yanajaa mapafuni. Kama hayupo, utakuwa umenunua hofu ya usiku kucha.

Mimi ningeanza na mizani ya bafuni. Apimwe kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, na uzito uandikwe kwenye daftari. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, aende hospitali bila kusubiri avimbe miguu. Cha pili, mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Ukibakiwa na fedha baada ya hapo, uliza kuhusu mkeka: umeidhinishwa kama kifaa tiba au unauzwa kama kifaa cha usingizi? Maana mingi inayouzwa madukani ni ya aina ya pili, na mingine haina faiba ndani, ina mfuko wa hewa. Uliza pia umeme ukikatika Unguja unafanya nini. Na kama mama analala kitanda kimoja na baba, mkeka utawasikia wote wawili.

Wasikuambie pia kwamba unapima presha. Wapo wanaokisia presha kwa kuangalia muda ambao wimbi la damu linatumia kusafiri mwilini, lakini makisio hayo hutaka kusahihishwa mara kwa mara kwa mashine ya kawaida ya mkononi. Dawa za baba zisiongezwe wala kupunguzwa kwa namba hiyo.

Mama Fundi, nasomea uuguzi Kigoma. Vifaa hivi vikija, kuna haja gani ya sisi kujifunza kuhesabu pumzi kwa macho? (Mwanafunzi)

Ipo, na kubwa. Kazi yangu ya kutengeneza monita imenipitisha wodi nyingi, na kila ninapongoja mashine iwake huwa nasoma chati iliyoning'inia kitandani. Joto limeandikwa 38.4, presha 127 kwa 81, vipimo vilivyopimwa kweli. Kisha unafika kwenye safu ya pumzi: 20, 20, 20, 20. Mwenye nimonia 20, aliyevunjika mguu 20. Siwalaumu wauguzi, maana usiku mmoja mtu anakabidhiwa wodi nzima peke yake. Lakini pumzi ndiyo mara nyingi hubadilika mapema kuliko mengine mgonjwa anapoanza kuzidiwa, na ndiyo tunayoiandika kwa kukisia. Hilo ndilo linalonifanya niitake faiba wodini kwetu: ihesabu usiku kucha pale ambapo muuguzi hawezi kuwa vitanda vyote kwa wakati mmoja.

Ila kifaa kikipiga kengele, mtu wa kwanza kufika kitandani ni wewe, na utatakiwa kujua kama ni mgonjwa kweli au ni godoro limesogezwa. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, hasa kwa watoto, kwa sababu wanapumua kwa vipindi. Mtu mzima mshike kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, macho yako yakiwa kifuani, maana akijua unahesabu pumzi atazibadilisha. Mtoto mchanga mtazame tumbo, akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya kupumua haraka ni 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Kwa yule wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi rudia kuhesabu. Ikibaki hivyo, mwite daktari papo hapo, chati utaijaza baadaye.